Moyo wa Mtu ni Kisima Kirefu

Masomo: Mithali 20:5, Ayubu 2:11–13, Luka 24:13–27



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lililoletwa mbele ya halmashauri ya parishi, ambalo mpaka sasa limezungumzwa zaidi nje ya mlango wa kanisa kuliko ndani. Mwalimu mmoja wa sekondari, muumini wa parishi yetu, ameomba kanisa limshike mkono ili akasome shahada ya uzamili ya saikolojia ya ushauri nasaha, yaani elimu ya kuzisikiliza na kuzisaidia nafsi zilizoelemewa.

Wengine wamefurahi. Wengine wameuliza maswali, na maswali yao si ya kupuuzwa. Wamesema: Je, kanisa halina Neno? Halina sala? Halina wazee? Kwa nini sadaka ya mjane itumike kumpeleka mtu darasani miaka miwili ajifunze kusikiliza, hali masikio Mungu amempa kila mtu bure? Hayo ni maswali ya watu wanaolipenda kanisa, na yanastahili jibu. Lakini kabla ya kujibu, na tuliendee kwanza Neno la Mungu.

MAJI YALIYO CHINI SANA

Katika Mithali 20:5 mwenye hekima anayafananisha mawazo yaliyo ndani ya mtu na maji yaliyo chini sana, kisha anasema kwamba mwenye ufahamu ndiye awezaye kuyatoa. Tazameni mambo matatu katika mfano huo. Kwanza, maji yapo. Hata mtu aliyenyamaza kabisa, aliyekauka uso kwa huzuni, ndani yake kuna neno. Pili, maji yako mbali. Hayaji juu kwa kuitwa mara moja. Tatu, si kila mtu aliyefika kisimani aliondoka na maji. Inatakiwa kamba ya kutosha, na mkono wenye subira.

Angalieni pia jambo lisilosemwa katika mstari ule. Mwenye hekima hasemi kwamba maji yamiminwe ndani ya kisima. Watu wengi humwendea mwenye huzuni wakiwa na ndoo iliyojaa: mistari, mifano, habari za jirani aliyepata msiba mkubwa zaidi. Humimina, huinuka, hushika njia. Mwenye ufahamu huenda na ndoo tupu na kamba ndefu.

Sisi tunaoishi chini ya mlima Meru twayajua maji. Tumelelewa na mifereji itokayo mlimani, na mito kama Themi na Naura hupita katikati ya mji wetu. Lakini twajua pia siri moja ya maji yetu. Baadhi ya chemchemi na visima vya upande huu vina madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 1.5 katika lita moja. Hapa kwetu yako maji yanayopita kipimo hicho mara nyingi. Ukiyatazama ni meupe. Ukiyaonja ni matamu. Lakini mtoto akiyanywa miaka mingi meno hugeuka rangi, na kiasi kikizidi mifupa hupinda na miguu huwa na matege. Ndiyo maana pale Ngurdoto kumekuwa na kituo cha utafiti, ambako wataalamu wametumia mkaa wa mifupa kuyasafisha maji hayo.

Basi sikilizeni. Mama aliyemnywesha mwanawe maji yale hakukosa upendo. Alichokosa ni kipimo. Kadhalika na maneno ya faraja. Neno lililotoka katika moyo mwema laweza kuonekana safi, kumbe linapinda mifupa ya nafsi. Mfiwa akiambiwa, "Usilie, Mungu amempenda zaidi," neno hilo ni jeupe machoni. Lakini mtoto aliyefiwa na mama yake akilinywa siku zote, ataanza kumwogopa Mungu anayependa kwa namna hiyo. Upendo ni wa lazima. Lakini upendo huhitaji kipimo, na kipimo hujifunzwa.

VILIO VYA MJI WETU

Ndugu, haja hii hatukuitafuta mbali. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa shule moja ya msingi ya hapa mjini Arusha lilitumbukia bondeni huko Rhotia, wilayani Karatu. Walikufa watoto 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 waliokoka, wakapelekwa Marekani kutibiwa majeraha yao. Majeneza yalipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na taifa zima lililia. Viongozi wa serikali walikuja, maaskofu, mashehe na wachungaji walisali, na ilikuwa vema. Lakini baada ya siku ya maziko kuna siku nyingine, na baada ya hiyo mwezi mwingine, na siku ya kufungua shule, na siku ambayo mtoto yule angetimiza miaka 14. Msiba wa siku ya kwanza una watu wengi. Msiba wa mwaka wa tatu hauna mtu.

Tukumbuke Mererani. Mwaka 1998, na tena mwaka 2008, mafuriko yaliingia mashimoni yakawaua vijana wengi waliokuwa wakichimba tanzanaiti. Wengi walikuwa na mama, wake na watoto katika vijiji vya mikoa hii ya kaskazini. Na wale waliotoka shimoni wakiwa hai, wakiwaacha wenzao chini, nani aliwauliza usiku wanalalaje?

Tukumbuke pia kwamba mji huu ulikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Mashahidi walikuja hapa kwetu kusimulia mambo ambayo ulimi huyakataa. Mahakama ile ilikuwa na kitengo maalumu cha kuwahudumia mashahidi na waathirika, maana waliojua sheria walitambua jambo hili: kumtaka mtu afungue jeraha lake mbele ya watu, kisha kumwacha aende zake peke yake, ni kumjeruhi mara ya pili.

Na UKIMWI je? Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ugonjwa ule ndio uliolieneza kila mahali neno "ushauri nasaha". Watu walipewa mafunzo ya majuma machache ili waweze kukaa na mtu kabla ya kupima damu na baada ya kupokea majibu. Kazi yao ilikuwa njema, na wengi wako hai leo kwa sababu yake. Lakini wao wenyewe waligundua kwamba mtu aliyekuja kwa habari ya damu alileta pia habari ya ndoa, ya kipigo, ya deni, ya mtoto aliyefariki, ya mawazo ya kujiua. Kamba ya majuma machache haikufika kwenye maji. Ndipo haja ya elimu ndefu zaidi ilipoonekana.

Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa wa Arusha una watu 2,356,255, na katika jiji peke yake zaidi ya 600,000. Kati ya hao, kila Jumapili wako wanaoketi kwenye viti vyetu, wanaimba, wanatoa sadaka, wanasalimiana mlangoni, wanarudi nyumbani na kisima kilichofungwa kifuniko.

SI KAZI NGENI KWA KANISA

Wako wanaodhani kwamba elimu hii ni mgeni aliyeingia kanisani kwa dirisha. Historia haisemi hivyo.

Katika milima ya Usambara kuna mahali paitwapo Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walijenga pale makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Wakati watu wengi walimfunga mgonjwa wa akili kamba au kumfukuza porini, kanisa lilimpa kitanda, jembe na kazi ya kufanya. Hiyo ilikuwa huku kwetu, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Huko Marekani alikuwako mchungaji mmoja, Anton Boisen, aliyeugua akili yeye mwenyewe akalazwa hospitalini mwaka 1920. Alipopona hakuficha ugonjwa wake. Akawa mchungaji wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, na mwaka 1925 akaanza kuwaita wanafunzi wa thiolojia waje wodini. Alitaka mchungaji ajifunze kumsoma mwanadamu kwa uangalifu uleule anaosomea Maandiko. Mbegu ile imefika hata kwetu: wachungaji wamefundishwa uchungaji wa hospitali kwa njia hiyo pale KCMC, Moshi.

Tena yuko mtu wa kanisa letu wenyewe la Kianglikana, Chad Varah. Mwaka 1935, akiwa bado kasisi msaidizi katika mji wa Lincoln huko Uingereza, alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua. Msichana yule alikuwa ameanza hedhi, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumweleza, alidhani ameshikwa na ugonjwa wa aibu. Neno moja la mtu mzima lingemwokoa. Kasisi yule hakusahau kaburi lile. Mwaka 1953, katika kanisa la Mtakatifu Stefano, Walbrook, mjini London, alitangaza nambari ya simu ambayo mtu aliyekata tamaa angeweza kuipiga. Huo ndio mwanzo wa chama kiitwacho Samaritans. Watu walipokuja kwa wingi, waumini wa kawaida waliokuwa wakiwapa chai wale waliongoja zamu ndio waliogeuka kuwa msaada mkubwa. Wengine, baada ya kusikilizwa pale kwenye kikombe cha chai, hawakuhitaji tena kumwona kasisi.

Basi tusiseme kwamba kanisa linakwenda kuomba moto kwa jirani. Moto ulikuwa katika jiko letu tangu zamani. Swali ni kama tutauchochea au tutauacha uzimike.

NI NINI KINACHOFUNDISHWA

Yafaa tujue mwalimu yule anataka kwenda kusoma nini, ili tusilipe au kukataa kulipa kitu tusichokijua.

Mahali pa kusomea si pengi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya uzamili inayohusu saikolojia ya jamii, na Chuo Kikuu cha Muhimbili hutoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Ng'ambo ya Namanga, mjini Nairobi, vyuo vikuu vya USIU na Daystar hufundisha shahada ya uzamili ya saikolojia ya ushauri nasaha yenyewe. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni karibu kilomita 270. Nchi ya Kenya ilitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, ili mtu asijiite mshauri bila kusajiliwa, kama vile mtu asivyoweza kujiita daktari kwa sababu ana koti jeupe.

Mwanafunzi husoma jinsi mwanadamu anavyokua tangu utoto hadi uzee, na jinsi jeraha la utotoni linavyoweza kusema kwa kinywa cha mtu mzima. Husoma habari za familia na ndoa. Hujifunza kutofautisha huzuni ya msiba, ambayo ni njia ya kawaida ya moyo, na sonona, ambayo ni ugonjwa. Mtu mwenye huzuni hulia, na siku nyingine hucheka akimkumbuka marehemu. Mtu mwenye sonona hulala bila kupata usingizi, hula bila kuonja, hujiona mzigo kwa nyumba yake; na mshauri asiyejua tofauti hiyo atamwambia "jikaze", naye atajikaza mpaka siku atakapokutwa amekufa. Hujifunza pia mipaka ya kazi yake, maana mshauri si mtoa dawa. Akiona hali imezidi, kazi yake ni kumpeleka mgonjwa hospitali bila kuchelewa.

Na hujifunza kutunza siri. Hapo, ndugu, tunyamaze kidogo. Ni mara ngapi jambo lililosemwa kwa machozi chumbani Jumatatu limekuwa ombi la hadhara katika kikundi cha sala siku ya Alhamisi? "Tumwombee dada fulani, ndoa yake ina shida." Hiyo si sala. Ni umbeya uliovaa kanzu. Kanuni za Kanisa la Uingereza tangu mwaka 1603 zilimkataza kasisi kufichua aliyoungamiwa. Elimu hii huweka mlinzi uleule mlangoni. Lakini pia hufundisha pale siri inapokoma: maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhulumiwa. Sheria ya Mtoto ya nchi yetu ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Si mshauri peke yake, bali kila mmoja wetu.

Mwisho, mwanafunzi hufanya kazi chini ya msimamizi, na katika vyuo vingi masaa ya mazoezi huhesabiwa kwa mamia. Anakaa na wenye shida, kisha anarudi kwa aliyemtangulia na kueleza alivyosikiliza, aliharakisha wapi, alihukumu wapi, aliogopa wapi. Mara nyingi humlazimu yeye mwenyewe kuketi kwenye kiti cha mwenye shida na kusikilizwa. Mtu asiyejua kina cha kisima chake hawezi kuaminiwa kamba ya kisima cha mwenzake.

MAJIBU KWA WANAOULIZA

Sasa turudi kwenye maswali.

Je, kanisa halina Neno na sala? Linavyo, na hakuna shahada itakayovipokonya mahali pake. Lakini mtazameni Bwana wetu katika njia ya Emau. Wanafunzi wawili wanatembea wamekunja nyuso. Yeye ndiye aliyesulubiwa, yeye ndiye aliyefufuka, hakuna aliyeijua habari ile kuliko yeye. Hata hivyo hakuanza kwa kuhubiri. Aliwauliza wanazungumza nini. Walipomjibu kwa ukali kidogo, aliuliza tena, akawaacha waseme yote, tangu tumaini lao hadi kuvunjika kwake. Ndipo alipowafungulia Maandiko. Aliuliza, akasikiliza, akafundisha. Anayeanza na la tatu amemruka Bwana mara mbili.

Tena watazameni rafiki za Ayubu. Waliketi pamoja naye chini, siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno, maana waliona mateso yake ni makuu. Hiyo ilikuwa kazi yao bora. Walipokaa kimya walikuwa wauguzi. Walipofungua vinywa wakawa mahakimu. Na katika sura ya 42 Mungu mwenyewe aliwakasirikia, ijapokuwa maneno yao mengi yalikuwa na sura ya dini.

Je, hatuna wazee? Tunao, na penye wazee haliharibiki neno. Waarusha wana malaigwanani wao, Wameru wana washili wao. Watu hao wamepatanisha koo, wamegawa mipaka ya mashamba na kuzima magomvi ambayo mahakama zingeyachukua miaka. Tusiwadharau. Lakini baraza la wazee hukaa chini ya mti, mbele ya watu, kuamua neno lililo kati ya mtu na mtu. Liko neno jingine lililo kati ya mtu na moyo wake mwenyewe. Msichana aliyeharibiwa na ndugu wa karibu hatasimama barazani kulisema. Mwanamume anayeamka usiku kwa hofu hataliambia rika lake. Neno hilo linataka chumba, mlango uliofungwa, na mtu mmoja anayejua kunyamaza.

Je, sadaka ya mjane itumike kwa mtu mmoja? Hili ndilo swali zito zaidi, na hatulijibu kwa wepesi. Ada si ndogo, na parishi ina paa linalovuja. Tukimpeleka mtu mmoja ili apate cheti, apate kazi katika shirika kubwa mjini, na tusimwone tena ila kwenye harusi, basi mjane ameonewa. Lakini yasikieni ya Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alipoona kwamba nchi yake ina madaktari wachache mno wa kazi hiyo, aliwafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, wakawasikiliza watu kwa utaratibu maalumu. Kazi ile ilipopimwa kwa uchunguzi wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 2016, ilionekana kwamba waliohudumiwa na mabibi wale walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi wale hawakuwa na shahada. Lakini aliyewafundisha, aliyewasimamia, aliyejua ni nani apelekwe hospitali, huyo alikuwa amesoma sana. Bila elimu ya mmoja, hekima ya wale 14 ingebaki barazani kwao.

Hivyo ndivyo Yethro alivyomshauri Musa katika Kutoka 18: usihukumu peke yako tangu asubuhi hata jioni, utachoka wewe na watu hawa, wafundishe wengine, wakubebee mzigo. Tukimpeleka mmoja, tumpeleke kwa sharti la Yethro. Arudi, awafundishe Umoja wa Akina Mama, walimu wa shule ya Jumapili, wazee wa kanisa, wainjilisti wa mitaa ya mlimani. Ndipo sarafu ya mjane itakuwa imezaa.

NENO KWA ANAYEKWENDA KUSOMA

Nawe mwalimu wetu, na wengine mtakaofuata njia hiyo, pokeeni neno la wazazi.

Mtajifunza majina mengi ya magonjwa ya nafsi. Msimwite mtu kwa jina la ugonjwa wake. Mtafundishwa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa New York na London. Vichukueni kwa shukrani, lakini mkirudi Sakina na Usa River na Poli, pimeni kila neno, maana huku kwetu mtu haji peke yake. Huja na shangazi, na ukoo, na shamba la baba yake, na mahari ambayo haijalipwa. Ukimwambia mke aliyepigwa ajitegemee, ujue pia watoto watalala wapi usiku ule.

Mtakumbuka habari ya Carl Rogers, Mmarekani ambaye jina lake mtalikuta katika kila kitabu cha kazi hii. Yeye alisoma katika chuo cha thiolojia mjini New York, kisha akavuka kwenda kusoma saikolojia. Alifundisha kwamba mwenye shida apokewe bila masharti na asikilizwe kwa heshima. Alipokwisha kuyasema hayo, dunia iliona ni jambo jipya. Ninyi mnajua mahali ambapo wenye kuelemewa na mizigo waliitwa waje kama walivyo, muda mrefu kabla ya hapo. Msione haya kwenda darasani, wala msione haya kutoka madhabahuni.

Na msiwe wagumu kwa wale wasiosoma. Mama aliyeketi mkekani na mfiwa siku saba, akimpikia uji na kumfulia nguo za watoto, amefanya kazi ambayo ninyi mtaifanyia mtihani.

MAMBO YA KUTENDA

Halmashauri ya parishi itakutana kuliamua ombi hili. Kabla ya siku hiyo twawaomba kila nyumba ifanye mambo manne.

Kwanza, salini kwa ajili ya uamuzi huo, pamoja na wale wasiokubaliana nanyi.

Pili, kila mmoja amtembelee mtu mmoja aliyefiwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Usimpelekee hotuba. Mwulize habari za marehemu, umtaje kwa jina lake, kisha sikiliza mpaka amalize.

Tatu, vikundi vya sala vipatane kwamba habari ya mtu haitatajwa bila ruhusa yake mwenyewe. Mungu aijua anwani yake bila sisi kuitangaza.

Nne, kama wewe usomaye haya ndiwe mwenye kisima kilichofungwa, kama umefikiri kwamba afadhali usiwepo, usikae na neno hilo usiku mmoja zaidi. Mwambie mtu leo: mchungaji, mganga wa zahanati, mama unayemwamini, jirani. Nenda hospitali bila aibu, kama unavyokwenda kwa malaria. Eliya nabii, katika 1 Wafalme 19, aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika ampe mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena chakula, na baada ya safari ndefu akamwuliza yuko pale kwa nini, akamsikiliza. Kuomba kufa hakukumwondoa Eliya katika orodha ya manabii. Wala wewe hakukuondoi katika kundi la Bwana.

Tuombe.

Ee Mungu, wewe wayajua yaliyo chini kabisa ya mioyo yetu, wala hushtuki. Wape wanaofundishwa kazi ya kusikiliza subira ya kuteka polepole. Wape wazee wetu hekima katika uamuzi ulio mbele yao. Wafariji wenye msiba wa zamani usiokumbukwa na mtu. Utufanye kanisa ambalo mtu aweza kulia ndani yake bila kuogopa kesho; kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyelia kaburini pa rafiki yake. Amina.